Historia ya Kidhibiti cha MIDI: Chombo Kilichozaliwa na Makubaliano

Kidhibiti cha MIDI ni kifaa chenye vibonyezo kama vya piano, pedi za kugonga, vitufe vya kuzungusha au vitelezi vya kusogeza juu na chini, ambacho chenyewe hakitoi sauti yoyote, ila hupeleka maagizo kwa chombo kingine au kwa programu ya kompyuta, na huko ndiko sauti inakotengenezwa. Anayekitumia kwa mara ya kwanza hukutana na mambo ambayo kitabu cha maelekezo humtajia bila kumweleza yametoka wapi: kwamba kila kitufe kina thamani kuanzia 0 hadi 127, kwamba kuna chaneli 16, kwamba kitufe kimoja kinaweza kuongoza ukubwa wa sauti leo na kikaongoza mwangwi kesho, na kwamba kifaa cha kampuni moja huelewana na programu ya kampuni nyingine bila mtumiaji kuomba idhini kwa yeyote. Mambo hayo hayakuamriwa na kanuni za muziki wala na maumbile ya umeme. Ni maamuzi yaliyofikiwa na kundi dogo la wahandisi wa Marekani na Japani kati ya mwaka 1981 na 1983, wakati kampuni zilizokuwa zikigombea wanunuzi walewale zilipokubali kutumia lugha moja ambayo hakuna hata moja kati yao ingeimiliki. Historia ya kidhibiti ni historia ya makubaliano hayo, na anayeifahamu huanza kazi yake akiwa na mwanga ambao kitabu cha maelekezo pekee hakiwezi kumpa.

Wazo la kutenganisha mkono wa mpigaji na chanzo cha sauti ni la kale kuliko sintesaiza, yaani chombo kinachounda sauti kwa njia ya umeme. Katika kinanda cha mabomba cha makanisani, kibonyezo hakigusi kitu chochote kinacholia. Hufungua njia ya hewa kuingia katika bomba lililo mbali na mpigaji, na kwa sababu hiyo bomba moja au jingine linaweza kuunganishwa na kibonyezo kilekile. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Edwin Votey alibuni Pianola, mashine iliyosoma matundu yaliyotobolewa katika karatasi ndefu na kubonyeza vibonyezo vya piano kwa nguvu ya hewa, kiasi kwamba maagizo ya muziki yalianza kuuzwa dukani yakiwa yametengana kabisa na muziki wenyewe. Watengenezaji walitoboa karatasi zao kwa vipimo tofauti, na mwenye piano ya kampuni moja hakuweza kutumia karatasi za kampuni nyingine, mpaka walipokutana katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, mwezi Desemba 1908 na kukubaliana juu ya karatasi ya noti 88 yenye matundu 9 kwa kila inchi. Tatizo la mwaka 1908 na suluhisho lake vilijirudia miaka zaidi ya 70 baadaye kwa umbo jingine.

Umbo hilo jingine lilianza mwaka 1964, pale Robert Moog alipouonyesha mkutano wa Shirika la Uhandisi wa Sauti nchini Marekani moduli zake za sintesaiza, ambazo zilidhibitiwa kwa volti. Kila kibonyezo kilitoa kiasi maalumu cha umeme, na kadiri volti ilivyopanda ndivyo sauti ilivyokuwa nyembamba zaidi. Katika mfumo wa Moog, ongezeko la volti 1 lilipandisha sauti kwa oktavi moja, yaani umbali kati ya noti moja na noti ya jina lilelile iliyo juu yake. Njia hiyo ilikuwa rahisi kuielewa, lakini ilikuwa na mipaka mitatu iliyowasumbua wanamuziki. Waya mmoja ulibeba sauti moja tu kwa wakati mmoja. Volti ilibadilika kidogo kidogo kwa sababu ya joto na chombo kikatoka kwenye tuni. Na kampuni hazikukubaliana juu ya kipimo, kwa kuwa vyombo vingi vya Korg na Yamaha vya miaka ya 1970 vilihusianisha volti na idadi ya mitetemo kwa sekunde badala ya oktavi, hivyo kuunganisha chombo cha kampuni hizo na cha Moog kulizaa noti zisizopatana.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mikroprosesa, yaani kiini cha kompyuta kilichobanwa ndani ya kipande kimoja kidogo cha silikoni. Mwaka 1978 kampuni ya Sequential Circuits ya California, iliyoanzishwa na mhandisi Dave Smith, ilizindua Prophet-5, sintesaiza iliyoweza kulia noti 5 kwa pamoja na kuhifadhi mipangilio yake katika kumbukumbu kwa msaada wa mikroprosesa. Tangu hapo kibonyezo hakikulazimika tena kutoa volti moja kwa moja. Kilisomwa kwanza kama tarakimu, kisha tarakimu hiyo ikageuzwa kuwa sauti. Kwa kuwa tarakimu inaweza kupelekwa nje ya kasha la chombo kwa urahisi uleule inaopelekwa ndani yake, kila kampuni ilianza kubuni njia yake ya kuunganisha vyombo vyake. Roland ya Japani iliweka katika Juno-60 mfumo wake ulioitwa DCB, na Oberheim ya Marekani ilikuwa na mfumo wake mwingine. Mwanamuziki aliyenunua vyombo vya kampuni mbili alijikuta na mifumo miwili isiyosikilizana, na jukwaani alilazimika kuzungukwa na vinanda vingi, kila kimoja na vibonyezo vyake, ilhali ana mikono miwili tu.

Mwezi Juni 1981, katika maonyesho ya wafanyabiashara wa ala za muziki yaliyofanyika Chicago, mwanzilishi wa Roland, Ikutaro Kakehashi, alimweleza Tom Oberheim kwamba sekta nzima ilihitaji njia moja ya kuunganisha vyombo, na Oberheim akalifikisha wazo hilo kwa Smith. Novemba mwaka huohuo Smith na mwenzake Chet Wood waliwasilisha mjini New York, mbele ya Shirika la Uhandisi wa Sauti, pendekezo la kiunganishi cha pamoja cha sintesaiza. Majadiliano yaliyofuata hayakuwavutia wote, kwani baadhi ya kampuni za Marekani ziliona mpango huo ni duni mno au hauna haraka, lakini Roland, Yamaha, Korg na Kawai kwa upande wa Japani ziliendelea kufanya kazi na Sequential, zikipelekeana marekebisho kuvuka Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1982 Moog aliitangazia hadhira ya jarida la Keyboard jina la mfumo huo, MIDI, herufi zinazosimamia kiunganishi cha kidijitali cha ala za muziki. Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya Anaheim, California, Prophet-600 ya Sequential iliunganishwa kwa kebo na Jupiter-6 ya Roland, na kibonyezo kilichobonyezwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Miezi michache baadaye, Agosti 1983, maelezo kamili ya toleo la 1.0 yalichapishwa.

Uamuzi uliokuwa na matokeo marefu kuliko yote ulihusu umiliki. Kampuni zilizoshiriki hazikudai malipo ya leseni kwa mtu yeyote aliyetaka kutengeneza kifaa kinachotumia MIDI, ingawa kila moja ilikuwa imetumia muda na fedha kuandaa mfumo huo. Kakehashi na Smith walielewa kwamba lugha huwa na thamani kwa wingi wa wanaoizungumza, na kwamba kampuni ambayo ingeifungia ingebaki ikijisemea peke yake. Miaka 30 baadaye, mwaka 2013, wawili hao walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo, heshima waliyostahili kwa sababu ya ustadi wa saketi zao na zaidi kwa sababu ya ukarimu wa uamuzi wao.

Jambo la pili lililowaongoza wahandisi hao lilikuwa gharama, na hapa ndipo zinapopatikana asili za tarakimu anazokutana nazo mwanafunzi wa leo. Kiunganishi kilichochaguliwa kilikuwa plagi ya duara ya pini 5 iliyokuwa tayari imeenea katika redio na vinasa sauti vya Ulaya, kwa hiyo ilikuwa rahisi kupatikana. Ndani ya chombo kinachopokea kiliwekwa kipande kinachogeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme tena, ili saketi za vyombo viwili zisigusane na kuzalisha mvumo. Kasi iliwekwa kuwa biti 31,250 kwa sekunde, biti ikiwa ni alama ndogo kabisa ya kompyuta, yaani 0 au 1. Tarakimu hiyo hupatikana kwa kugawa mapigo milioni 1 kwa 32, hesabu nyepesi kwa saketi za wakati ule.

Ujumbe wa MIDI hupangwa kwa baiti, yaani mafungu ya biti 8. Biti ya kwanza ya kila baiti hutumika kutambulisha kama baiti hiyo ni amri au ni kiasi kinachofuata amri, na biti 7 zinazobaki zinaweza kuhesabu thamani 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Katika baiti ya amri, biti 3 hutaja aina ya amri na biti 4 za mwisho hutaja chaneli, na kwa kuwa biti 4 zina michanganyiko 16, chaneli nazo zikawa 16. Mpigaji anapobonyeza noti ya C iliyo katikati ya piano, kidhibiti hupeleka baiti tatu: amri ya kuanza noti pamoja na chaneli yake, namba 60 inayotaja noti, na namba ya tatu inayotaja kasi ambayo kidole kilishuka nayo, ambayo kwa kawaida chombo huitafsiri kuwa ukubwa wa sauti. Baiti hizo tatu huchukua takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde kupita katika kebo. Anapoachia kibonyezo, ujumbe mwingine hupelekwa kusimamisha noti, na ujumbe huo ukipotea njiani noti huendelea kulia bila kukoma. Ndiyo sababu vidhibiti na programu nyingi zina amri ya dharura ya kunyamazisha noti zote.

Vitufe vya kuzungusha na vitelezi hupeleka ujumbe wa aina nyingine, uitwao badiliko la udhibiti, ambao una namba ya kidhibiti na thamani yake. Baadhi ya namba zilipewa kazi inayojulikana kote: namba 1 ni gurudumu la kutikisa sauti, namba 7 ni ukubwa wa sauti, namba 10 ni kuisogeza sauti kushoto au kulia, na namba 64 ni kanyagio la kurefusha noti. Namba nyingi nyingine ziliachwa wazi kwa makusudi, na uwazi huo ndio uliozaa desturi ya mpigaji kujipangia mwenyewe kila kitufe kifanye nini. Programu za sasa humrahisishia kazi hiyo kwa njia ya kujifunza: mtumiaji huchagua kitu anachotaka kukiongoza katika skrini, huzungusha kitufe chochote cha kifaa chake, na programu hukumbuka namba iliyopokewa.

Mara baada ya lugha ya pamoja kupatikana, haikuwa lazima tena kila chombo kiwe na vibonyezo vyake. Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983 na kutumia mbinu ya kuunda sauti iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, ilifuatiwa na TX816, kasha lisilo na kibonyezo hata kimoja lililobeba moduli 8 zenye mashine za sauti za DX7. Makasha ya namna hiyo yalihitaji mkono wa kuyaongoza, na katikati ya miaka ya 1980 Roland na Yamaha zilitoa vinanda kama MKB-1000 na KX88, vyenye vibonyezo vizito kama vya piano lakini visivyo na sauti ndani yake. Huo ndio mwanzo wa kidhibiti kama aina ya chombo inayojitegemea. Hata sintesaiza yenye sauti zake iliweza kufanywa kidhibiti kwa kukata uhusiano kati ya vibonyezo vyake na mashine yake ya sauti, na uwezo huo uliwekwa katika MIDI kama ujumbe namba 122, ambao hadi leo humwokoa anayeanza asisikie kila noti ikilia mara mbili anapounganisha sintesaiza yake na kompyuta.

Piano nayo ilipoteza haki yake ya pekee ya kuwa mlango wa kuingilia. Octapad ya Roland ilimpa mpiga ngoma sehemu 8 za kugonga kwa fimbo. EWI, iliyobuniwa na mpiga tarumbeta Nyle Steiner na kutengenezwa na Akai, iligeuza pumzi kuwa ujumbe. Na mwaka 1988 Akai kwa ushirikiano na Roger Linn ilitoa MPC60, mashine yenye pedi 16 zilizopangwa kwa safu nne za pedi nne, ambayo ilikuja kuwa nguzo ya muziki wa hip hop. Mpangilio huo wa pedi 16 umekaa katika vidhibiti vya kila bei vinavyouzwa sasa, na vidole vya maprodyuza wengi vimeuzoea kuliko vibonyezo vyeupe na vyeusi.

Kompyuta iliingia katika historia hii mapema. Atari ST ya mwaka 1985 ilikuja na matundu ya MIDI, na programu ya Cubase ya kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1989, ilimwezesha mpigaji kunasa maagizo yake, kuyaona yakiwa yamepangwa kwa mstari wa wakati, na kuyasahihisha noti moja baada ya nyingine. Hata hivyo kompyuta hizo zilikuwa makarani wa maagizo. Sauti bado ilitoka katika makasha ya nje yaliyogharimu fedha nyingi. Mnyororo huo wa gharama ulikatika mwishoni mwa miaka ya 1990, prosesa zilipopata nguvu ya kuunda sauti zenyewe. Steinberg ilitangaza mfumo wa VST mwaka 1996 na mwaka 1999 ikaupanua ili ala nzima ziweze kukaa ndani ya programu. Mwaka huohuo wa 1999 yalitolewa maelezo ya kupitisha ujumbe wa MIDI katika kebo ya USB, kebo ileile ya panya na printa. Vidhibiti vidogo kama Oxygen 8 ya M-Audio, yenye vibonyezo 25 na vitufe 8, viliweza sasa kupata umeme na kupeleka maagizo kwa waya mmoja. Mwaka 2009 Launchpad ya Novation na APC40 ya Akai ziliundwa mahususi kwa programu ya Ableton Live, zikiwa na gridi ya vitufe vinavyowaka taa kuonyesha hali ya programu, kiasi kwamba kidhibiti kilianza kupokea habari sawasawa na kilivyozitoa.

Afrika Mashariki ilinufaika zaidi na awamu hii ya pili kuliko ile ya kwanza, kwa sababu makasha ya miaka ya 1980 yalikuwa mbali na uwezo wa studio nyingi, ilhali kompyuta moja yenye programu ilikuwa ndani ya uwezo huo. Studio zilizojenga Bongo Fleva jijini Dar es Salaam tangu miaka ya 1990, zikiwemo Bongo Records ya P-Funk Majani na MJ Records ya Master Jay, zilitengeneza midundo kwa vinanda vya umeme na kompyuta pasipo kuhitaji bendi nzima, na programu ya FruityLoops kutoka Ubelgiji, ambayo baadaye iliitwa FL Studio, ilienea miongoni mwa maprodyuza vijana. Programu hiyo huruhusu hata kibodi ya kawaida ya kuandikia itumike kama kidhibiti, herufi zikichukua nafasi ya noti. Muziki wa singeli, unaokwenda kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika na uliotokana na vipande vya taarab ya kisasa vilivyoharakishwa, ni tunda la studio za namna hiyo. Albamu ya mkusanyiko ya Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliusikizisha ulimwengu kile ambacho studio ya mtaani ya Dar es Salaam inaweza kukifanya kwa vifaa vichache.

Taarab, kwa upande mwingine, inafichua upungufu wa makubaliano ya 1983. Namba 60, 61 na 62 zinataja vibonyezo vinavyofuatana vya piano, na kati ya namba moja na nyingine hakuna nafasi ya noti za katikati zinazotumika katika maqam ya Kiarabu kama rast na bayati, ambazo mpiga udi au fidla wa Zanzibar huzifikia kwa kusogeza kidole tu. MIDI ilitoa njia ya kupinda sauti kwa gurudumu lenye hatua 16,384, lakini ujumbe huo hupinda noti zote za chaneli nzima kwa pamoja, hivyo mpigaji hawezi kuipinda noti moja ndani ya mseto bila kuziburuza nyingine. Watengenezaji waliongeza baadaye vinanda vyenye vitufe vya kubadilisha tuni ya noti moja moja kwa ajili ya wapigaji wa muziki wa Mashariki, na mwaka 2018 ilipitishwa nyongeza iitwayo MPE, ambayo humpa kila kidole chaneli yake. Ni haki kuutaja upungufu huo, kwa sababu lugha iliyotungwa kwa kufuata vibonyezo vya piano ilibeba ndani yake dhana ya piano kuhusu noti ni nini, na tamaduni zilizokuwa na dhana pana zaidi zilisubiri miongo kadhaa kabla ya kupewa nafasi.

Toleo la 2.0 la MIDI, lililopitishwa Januari 2020, linajibu mengi kati ya malalamiko hayo: vifaa viwili vinaweza kuulizana na kujibizana juu ya uwezo wao, kasi ya kidole inapimwa kwa biti 16 na vitufe kwa biti 32 badala ya 7, chaneli zinafika 256, na kila noti inaweza kupindwa peke yake. Waliolitayarisha walijiwekea sharti moja zito, kwamba vifaa vya toleo la kwanza viendelee kueleweka, na kwa sharti hilo Prophet-600 ya mwaka 1982 bado inaweza kupokea noti kutoka katika kompyuta ya leo.

Kwa anayeanza, historia hii ina mafunzo ya vitendo. Kidhibiti kisipotoa sauti hakijaharibika, kwa kuwa hakikuumbwa kutoa sauti. La kwanza ni kuchunguza kama programu imekichagua kuwa chanzo cha maagizo, la pili kama chaneli ya kinachotuma ni ile inayosikilizwa na kinachopokea, na la tatu kama kuna ala iliyofunguliwa kuyapokea. Sauti ikichelewa kufuata kidole, lawama mara nyingi si ya MIDI, bali ya akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa: akiba ya sampuli 256, yaani vipimo vidogo vya sauti, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huongeza ucheleweshaji wa karibu sehemu 6 za elfu za sekunde, na kuipunguza akiba hiyo hurudisha wepesi wa mkono. Juu ya hayo, mtu hana sababu ya kununua kifaa ghali akidhani kwamba bei ndiyo italeta sauti nzuri, kwa maana kidhibiti cha bei ya chini na cha bei ya juu hupeleka namba zilezile, na tofauti yao iko katika uzito wa vibonyezo, uimara wa pedi na wingi wa vitufe. Usawa huo ulitokana na watu waliokuwa na kila sababu ya kibiashara ya kuufunga mlango wakaamua kuuacha wazi, na kila studio ya chumba kimoja, iwe Osaka, Chicago au Mburahati ya Dar es Salaam, inafanya kazi kwa faida ya uamuzi huo.